Damu Iliyo Chini ya Gegedu la Goti



Mwaka jana tulikwenda Namtumbo, mashariki ya Songea katika njia ya Tunduru, kutazama jinsi wenzetu wa ushirika wanavyouza mazao yao kwa stakabadhi ghalani. Tulipokewa na bibi mmoja mkulima. Alipotaka kuinuka atuletee chai alishika nguzo, akasema, "Niwieni radhi wanangu, goti limekataa." Tukatazamana. Maneno hayo hayo twayasikia hapa kwetu kwa mzee wetu mmoja aliyepanda mikarafuu miaka mingi, na sasa hukaa jamvini akichambua. Yule ameinamia jembe, huyu amepanda miti. Maradhi ni mamoja. Kwa hiyo tumeona yafaa somo la safari hii liwe juu ya goti.

Kwanza tujue goti lilivyoumbwa. Ncha za mifupa zimevikwa gegedu, kitu laini chenye utelezi, ili mfupa usisagane na mfupa. Gegedu halina mishipa ya damu wala ya fahamu. Chakula chake hulifikia kwa maji ya kiungo, ambayo huingia na kutoka tunapotembea, na kwa kiasi fulani kutoka katika mfupa ulio chini yake. Mwaka 1743 tabibu William Hunter aliandika huko Uingereza kwamba gegedu likiharibika halirejei kama lilivyokuwa.

Basi, ikiwa gegedu halina fahamu, maumivu yatoka wapi? Baadhi yake yatoka katika ngozi laini ya ndani ya kiungo, na baadhi katika mfupa wenyewe, ambao umejaa mishipa midogo ya damu. Katika miaka ya 1970 daktari Arnoldi na wenzake wa Skandinavia walipima mifupa ya wagonjwa, wakaona damu inaingia lakini yachelewa kutoka, na nguvu ya msukumo ndani ya mfupa imezidi.

Mfano wake ni bonde la mpunga. Maji yakiingia na mfereji wa kutolea ukaziba, bonde hufurika na miche huoza, ijapokuwa maji ni tele. Mfupa nao ni hivyo: damu iliyotuama huishiwa na hewa safi, uboho huvimba, na mfupa hugeuka ukawa mgumu. Ndiyo sababu wengine huumwa usiku hali wamelala. Kipi hutangulia, gegedu kulika au damu kutuama, wataalamu wangali wakibishana.

Picha ya eksirei haionyeshi mwendo wa damu hiyo. Huonekana kwa kipimo cha MRI, kama kilichoko Taasisi ya Mifupa Muhimbili, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 1996. Lakini si kila mgonjwa ana haja ya kipimo hicho.

Mzee wetu amekwisha pigwa chuku gotini mara mbili, na alikuwa akijiandaa kwa ya tatu. Kwa heshima zote tulimwambia: chuku hutoa damu ya ngozi, na damu iliyotuama imo ndani ya mfupa, wembe haufiki huko. Tena alikuwa akimeza vidonge vya maumivu kila siku bila ya daktari. Vidonge vya namna hiyo, kama diklofenaki, huweza kutoboa tumbo na kudhuru figo.

Lifaalo ni hili. Goti litembezwe, lisifungwe ndani. Kaa kitini, nyoosha mguu, uhesabu hadi tano, ushushe. Fanya mara kumi kila mguu, asubuhi na jioni. Mwenye uzito na apunguze: utafiti wa Marekani wa mwaka 2005 ulionyesha kwamba kilo moja ikipungua mwilini, goti hupunguziwa kama kilo nne kwa kila hatua. Goti likiwa jekundu, la moto, pamoja na homa, usingoje. Nenda hospitali siku hiyo hiyo.

Msimu ujao twaomba kila kikundi cha wachumaji kiwawekee wachambuaji viti vifupi, wasichutame kutwa. Na mwenye goti bovu asipandishwe mtini kwa kuona haya kukataa. Karafuu huzaa tena; goti hatupewi jingine shambani.

Wasalaam,
Katibu wenu