KUHAKIKI VIPIMO VYA HADUBINI: SOMO KWA WATUMISHI NA WANANCHI

Huko Nyamigogo, katika eneo la Ngara na Biharamulo, Mkoa wa Kagera, kama ilivyo katika vijiji vingi vya Tanzania, mgonjwa anayeharisha hutakiwa kutoa choo kidogo kikatazamwe kwa hadubini. Kagera inafahamu uzito wa maradhi hayo. Mwishoni mwa Aprili 1994, wakimbizi wapatao 250,000 kutoka Rwanda walivuka Rusumo na kuingia Ngara katika muda wa siku moja tu. Na penye msongamano na uhaba wa maji safi, kuhara hakukawii.

Miongoni mwa vimelea vinavyotafutwa ni amiba iitwayo Entamoeba histolytica, iletayo kuhara damu na jipu la ini. Inaye ndugu asiyedhuru, Entamoeba hartmanni. Vifuko vya amiba hizi mbili vinafanana, na vikikomaa vyote huwa na viini vinne. Tofauti ni ukubwa: vya hartmanni havifikii mikroni 10, na vya histolytica ni mikroni 10 hadi 20. Milimita moja ni mikroni 1,000.

Ukubwa huo husomwa kwa mistari iliyochorwa ndani ya kioo cha jicho cha hadubini. Mistari hiyo peke yake haina thamani yoyote mpaka ilinganishwe na kioo cha kipimo, ambacho kina milimita moja iliyogawanywa mara 100, kila sehemu ikiwa mikroni 10. Utaratibu ni huu:

1. Kioo cha kipimo kiwekwe mahali pa sampuli na mistari ionekane vizuri.

2. Mstari wa sifuri wa jicho ulinganishwe na ule wa kioo.

3. Itafutwe mistari miwili mingine inayokutana sawasawa, mbali iwezekanavyo na sifuri.

4. Mikroni zilizopatikana kwenye kioo zigawanywe kwa idadi ya sehemu za jicho.

5. Kazi hiyo irudiwe kwa kila lenzi, na matokeo yaandikwe na kubandikwa karibu na hadubini.

Kwa mfano, kwa lenzi ya 40, sehemu 40 za jicho zikilingana na mikroni 100, kila sehemu ni mikroni 2.5. Lenzi hiyo ikibadilishwa ikawekwa ya 50, kila sehemu huwa mikroni 2. Kifuko chenye sehemu 4.5 ni mikroni 9, yaani cha amiba isiyodhuru. Mpimaji akitumia hesabu ya zamani atapata mikroni 11.25, na mgonjwa atapewa dawa asiyoihitaji, huku chanzo halisi cha maradhi yake kikiachwa.

Chembe nyekundu ya damu, yenye upana wa mikroni 7 hadi 8, yaweza kufichua kosa kubwa, lakini haichukui nafasi ya kioo cha kipimo. Aidha, kifuko kikubwa chaweza kuwa cha Entamoeba dispar, isiyodhuru, ambayo hadubini haiwezi kuitenganisha na histolytica. Kwa hiyo majibu ya maabara hayana budi kusomwa pamoja na dalili za mgonjwa.

Inashauriwa uhakiki ufanywe hadubini inapopokelewa, inapotoka matengenezoni, na kila lenzi au jicho linapobadilishwa. Na tarehe ya uhakiki iandikwe daftarini. Wakuu wa vituo wanaoagiza hadubini wakumbuke kuagiza na kioo cha kipimo.