Akaunti Mbili, Kijana Mmoja: Je, Ni Unafiki?



Somo la leo limetokana na swali ambalo nimeulizwa zaidi ya mara moja baada ya Misa. Aliyeuliza mara ya mwisho ni dada mmoja wa kwaya anayeuza mikoba mtandaoni. Ana akaunti mbili Instagram. Ya kwanza ni ya biashara, iko wazi kwa kila mtu, ina jina la duka tu. Ya pili ni ya ndugu na marafiki, ameifunga, na humo hatumii jina la ukoo. Mwenzake akamwambia huo ni unafiki, Mkristo anatakiwa awe mtu yule yule kila mahali, akamtajia na Mathayo 5:37, pale Bwana anapotaka ndiyo yetu iwe ndiyo kweli. Dada wa watu akaja ana wasiwasi, anauliza akaungame au vipi.

Nilimjibu hapana, hakuna cha kuungama hapo. Ila sababu zake ndizo nataka tuzisome pamoja.

Tuanze na hoja ya yule mwenzake, maana huwa inasemwa kana kwamba ni mafundisho ya Kanisa. Mtu aliyeisema hivyo hivyo ni Mark Zuckerberg wa Facebook. Alimwambia mwandishi David Kirkpatrick, ambaye kitabu chake kuhusu kampuni hiyo kilitoka mwaka 2010, kwamba mtu mwenye utambulisho zaidi ya mmoja anaonyesha kukosa uadilifu. Google nao walipoanzisha Google+ mwaka 2011 walidai majina halisi na wakafunga akaunti za waliokataa, mpaka walipoliondoa sharti hilo mwaka 2014. Sisemi walikuwa na nia mbaya. Lakini kampuni inayoishi kwa matangazo inafaidika ikijua kwamba muuza mikoba, mwanakwaya na binti wa mzee fulani ni mtu mmoja. Kwa hiyo ikikuhubiria uadilifu, jiulize kwanza nani anapata hela.

Sasa fungueni Katekisimu namba 2488 hadi 2492. Kanisa halilegezi kamba kuhusu uongo. Kusema uongo ni kutamka lisilo kweli kwa nia ya kudanganya (2482), na ni dhambi. Lakini hapo hapo linafundisha kwamba hakuna anayelazimika kumfunulia ukweli mtu asiye na haki ya kuujua. Usalama wa mwingine na heshima ya maisha ya faragha ni sababu za kutosha za kunyamaza. Sheria ya Kanisa ya mwaka 1983 nayo, kanuni ya 220, inakataza kuharibu jina jema la mtu bila haki na kuvunja haki yake ya kulinda mambo yake ya ndani. Wengi wetu tunadhani faragha ni mambo ya wazungu na simu zao. Imo kwenye sheria ya Kanisa!

Na mwangalieni Bwana mwenyewe. Umati aliusemesha kwa mifano, wanafunzi akawaeleza kila kitu wakiwa peke yao (Marko 4:34). Mitume walikuwa kumi na wawili, lakini mlimani alipogeuka sura alipanda na watatu tu, halafu akawakataza wasiseme walichokiona mpaka atakapofufuka. Kwenye Yohana 7 ndugu zake wanamsukuma aende akajionyeshe kwa ulimwengu. Anakataa, baadaye anakwenda sikukuu kimya kimya. Yohana 2:24 inasema hakujiaminisha kwao, kwa sababu aliwajua. Alikuwa Yesu mmoja, na si wote walioonyeshwa yote. (Kuna pia malaika Rafaeli aliyejiita Azaria kwenye kitabu cha Tobiti, ila huyo ni malaika, tusimtumie kama kisingizio cha kufungua akaunti feki.)

Unafiki wa kweli upo, nisieleweke vibaya. Papa Benedikto XVI, katika ujumbe wake wa Siku ya Upashanaji Habari Duniani mwaka 2011, aliwaonya watu dhidi ya kujijengea mtandaoni sura ya uongo. Kijana anayeweka picha ya mtu mwingine ili apate wachumba, anayetukana wenzake nyuma ya jina la bandia, mwenye mchumba parokiani na akaunti ya pili ya kutafuta mwingine, huyo kitubio kinamsubiri. Mimi hutumia kipimo hiki: fikiria watu wa akaunti zako zote wamekutana kwenye harusi yako. Je, kuna atakayesema “kumbe unauza mikoba, sikujua”? Hakuna tatizo. Je, kuna atakayegundua alidanganywa na akalia? Hapo kuna dhambi.

Haya, upande wa vitendo. Yule dada alidhani akaunti zake hazijuani. Nikamuuliza, umesajili kwa namba gani? Zote kwa ile ile, tena ndiyo ya kupokelea malipo ya wateja. Basi mteja akiihifadhi namba hiyo, na akairuhusu Instagram isome orodha ya namba zake, akaunti ya pili inaweza kupendekezwa kwake kama mtu anayemfahamu. Tena anayetuma hela kwa simu huona jina lililosajiliwa. Ukitaka kutenganisha kweli, tenganisha namba na barua pepe, zima mipangilio ya kupendekezwa na ya kupatikana kwa namba ya simu, na usitumie picha moja pande zote mbili. Ukijipiga picha angalia nyuma yako: sare ya shule, bango la mtaa, geti la nyumbani. Na zile tarakimu sita za WhatsApp usimpe mtu yeyote, hata akijitambulisha kama katekista.

Lakini hata ukifanya hayo yote, faragha yako haiko mikononi mwako peke yako. Mwaka 2018 dunia ilisikia habari ya Cambridge Analytica. Watu wapatao 270,000 walijaza jaribio la kupima tabia kupitia Facebook. Kwa makadirio ya Facebook wenyewe, taarifa za watu hadi milioni 87 zikachukuliwa, kwa sababu wakati huo programu iliruhusiwa kusoma mpaka taarifa za marafiki wa aliyejaza. Hao mamilioni wengine hawakubonyeza kitu. Walikuwa tu na rafiki aliyebonyeza.

Na hapo ndipo sisi wana-parokia tunapoguswa zaidi, kwenye nia za maombi.

Mnajua inavyokuwa. Mtu anaandika kwenye grupu la vijana: tumwombee mwenzetu fulani, majibu ya vipimo yametoka siyo mazuri. Jina kamili, hospitali, hata wodi. Upendo mtupu. Grupu lina watu mia mbili, na kila mmoja anaona namba za wengine wote. Nimeshuhudia nia ya namna hiyo ikipigwa picha ya skrini na kufika kazini kwa mhusika kabla yeye hajamweleza mama yake mzazi. Yule binti hakurudi tena kwenye grupu, na kwa muda mrefu hakurudi hata jumuiyani. Yoshua bin Sira 27:16 inasema anayefichua siri hupoteza uaminifu na hatapata rafiki wa moyoni. Sisi tulikuwa tunaziita nia.

Sheria za nchi nazo zimeanza kubana. Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, na habari za afya ya mtu zimo katika taarifa nyeti. Kenya ina yake ya mwaka 2019, na Septemba 2023 Kamishna wa Ulinzi wa Data alitoza shule moja faini ya zaidi ya shilingi milioni 4.5 za Kenya kwa kuweka mtandaoni picha za watoto bila ridhaa ya wazazi.

Parokiani kwetu tulikubaliana hivi. Nia inayomhusu mwingine haiandikwi kabla hajaulizwa, na akiulizwa anaruhusiwa kukataa. Jina na ugonjwa havikai kwenye ujumbe mmoja. Tunaandika “mwanachama mwenzetu mgonjwa”, inatosha. Anayetaka aombewe kwa jina anampelekea padre au mwenyekiti moja kwa moja. Kiungo cha kujiunga na grupu hakibandikwi tena kwenye ubao wa matangazo, na wasimamizi hukibadilisha kila mwezi.

Wewe msimamizi unayesoma hapa, fungua grupu lako leo, pitia majina yote, uone ni wangapi huwezi kusema ni nani. Sisi tulikuta kumi na tisa. Wiki ijayo tutasoma kuhusu picha za watoto wa Utoto Mtakatifu.