Mtoto Anapokonda, Msishtakiane



Katika ukurasa huu tumezoea kuzungumza juu ya pesa, wakwe na ulevi. Leo nawaletea jambo ambalo huenda hamjawahi kulisikia: ugonjwa wa tumbo la mtoto, uliokaribia kuvunja nyumba moja katika jumuiya yetu ndogo ndogo hapa Garsen. Wenyewe wameniruhusu nieleze bila kutaja majina.

Mtoto wao wa kiume alizaliwa na uzito mzuri na akanyonya vizuri. Alipofika mwaka mmoja na nusu akaanza kuharisha. Choo kilikuwa kingi, cheupecheupe, chenye mafuta na harufu kali. Tumbo likafura, mikono na makalio yakanywea, akawa mtoto wa kulialia. Akapewa dawa ya minyoo, kisha ya amiba, kisha ya kuongeza damu. Hakuna kilichobadilika.

Hapa Pwani mnajua maneno yanayofuata. Majirani zetu Wagiriama wana jina lake, chirwa: mtoto hukonda kwa sababu baba au mama ametoka nje ya ndoa. Baba wa mtoto huyu anafanya kazi Mombasa na huja nyumbani mara chache. Bibi wa mtoto, mama mzaa baba, akaanza kumtazama mkwewe kwa jicho la pembeni. Naye mkwe akawaza: kama ni mimi siyo, basi ni yule aliye mjini. Ikafika hali ya mume na mke kulala mikeka miwili.

Mwezi wa Mei 2024 Mto Tana ulipofurika, barabara zilikatika na baba akakwama Mombasa karibu miezi miwili. Unga wa ngano ukaisha madukani. Nyumba nzima ikaishi kwa sima, samaki, ndizi na mchele kidogo uliobaki ghalani. Ajabu ni kwamba, wakati watoto wa jirani walizidi kudhoofika, huyu alianza kutononoka. Barabara ilipofunguka baba akaja na mfuko wake wa kila mara: mikate miwili, biskuti na tambi. Hazikupita wiki mbili, kuhara kukarudi. Ndipo mama akasema: "Baba Watoto, ukiwa mbali mtoto anapona, ukija anaugua. Unatuletea nini kutoka Mombasa?"

Swali lilikuwa la haki, ila jibu lilikuwa ndani ya mfuko. Daktari wa watoto waliyemwona baadaye hakuuliza habari za ndoa yao. Aliuliza mtoto anakula nini asubuhi, mchana na jioni.

Ugonjwa huu unaitwa siliaki. Ndani ya ngano, shayiri na nafaka iitwayo rai mna protini inayoitwa gluteni. Kwa watu wachache, mtu akila gluteni, kinga ya mwili wake huushambulia utando wa utumbo mwembamba. Vile vinyweleo vidogo vinavyofyonza chakula hulala na kuisha, na chakula hupita bila kuufaa mwili. Hauambukizi. Si kwamba ngano ni sumu, maana ndugu zake wataila chapati ileile wasipate lolote.

Hata waganga wakubwa wa dunia walichelewa kuujua. Mwaka 1924 daktari mmoja wa New York, Sidney Haas, aliwalisha ndizi watoto wa namna hii wakapona, na kwa miaka mingi watu wakaamini ndizi ndiyo dawa. (Sisi wa kando ya Tana tungefurahi sana iwe hivyo.) Kumbe kilichowaponya ni kuukosa mkate. Huko Uholanzi, daktari Willem-Karel Dicke alikuwa tayari anaishuku ngano. Katika njaa kuu ya vita ya 1944 na 1945 mkate ulitoweka, na wagonjwa wake wakapata nafuu. Uliporudi wakaugua tena. Ni kama mafuriko yetu.

Wala msiseme ni ugonjwa wa Wazungu. Kati ya watoto Wasaharawi wa kaskazini-magharibi mwa Afrika, uchunguzi uliotangazwa 1999 ulikuta zaidi ya 5 katika kila 100 wanao.

Sasa, baba na mama, je, ni kosa la nani? Siliaki hupatikana kwa mwenye asili fulani ya urithi, na urithi huo unaweza kutoka kwa baba, kwa mama, au kwa wote wawili. Watu wengi wanaubeba hadi uzeeni bila kuugua. Uzinzi ni dhambi, nami nafundisha hivyo kila mwaka katika semina za ndoa, lakini haumfanyi mtoto aharishe. Yule mume na mke walipolielewa hilo, walinyamaza kimya kirefu, kisha mume akaanza kulia.

Lakini tahadhari. Watoto wengi wenye matumbo makubwa katika Tana River hawana siliaki. Wana minyoo, wana utapiamlo, wengine wana kifua kikuu. Anzeni na zahanati na mmalize dawa mliyopewa. Ikiwa mtoto ametibiwa na bado hakui, anaharisha au damu haipandi, hapo mwulizeni mganga waziwazi: "Je, yawezekana ngano inamdhuru?"

Kuna kosa moja linalofanywa kwa mapenzi. Mama wa mtoto huyu alitaka kuuficha mkate siku ileile, na daktari akamzuia. Kipimo cha damu hutafuta alama za ile vita ya kinga, na mtoto akiacha ngano kwanza, alama hupungua na kipimo huweza kusema hana ugonjwa kumbe anao. Mtoto aendelee kula hadi apimwe. Kama mmeshaacha, msimrudishie wenyewe, mwelezeni daktari aamue. Baada ya damu, mara nyingi hupitishwa kamera nyembamba mdomoni hadi utumboni kuchukua kipande kidogo cha nyama, naye mtoto huwa amelazwa usingizi. Haya hayafanyiki zahanatini. Kutoka Garsen hadi Malindi pekee ni zaidi ya kilomita 100, na Mombasa ni mbele yake. Basi kaeni chini mpange nauli, nani atabaki na watoto wengine, na mchango wenu wa SHA, iliyochukua nafasi ya NHIF Oktoba 2024. Ulizeni mapema inalipia nini. Ikiwezekana, nendeni wote wawili, kwa sababu mmoja akienda peke yake, yule mwingine hupokea habari kama uvumi.

Dawa yake ni kuacha gluteni maisha yote, hata mtoto akinenepa. Kwa chakula chetu hili linawezekana: wali, sima ya mahindi, mtama, wimbi, muhogo, viazi, kunde, samaki, maziwa, maembe. Adui wanajulikana, nao ni chapati, mandazi, mahamri, mkate, tambi, kaimati na sambusa. Waliojificha ni unga wa uji wa mchanganyiko na vinywaji vya malti. Usikaange viazi vyake katika mafuta yaliyokaangia mandazi. Siku ya sherehe mpikieni vitumbua au mkate wa kumimina, wa mchele mtupu, hatajiona maskini. Mwalimu wa chekechea aambiwe, na majirani Waislamu wanaotuletea futari pia. Bibi yake aambiwe na mwanawe mwenyewe, si na mkwe. Baba huyu siku hizi huja na korosho na njugu.

Mama yule aliniuliza swali moja akiwa na machozi: "Katekista, Komunyo je?" Hostia ni ya ngano. Kanisa limelifikiria. Barua ya Roma ya 2003, na nyingine ya 2017, zinasema hostia isiyo na gluteni kabisa haifai kwa sakramenti, lakini yenye gluteni kidogo sana inafaa, na daktari aulizwe kama mtoto anaiweza. Asiyeiweza hata hiyo anaruhusiwa kupokea kwa umbo la divai peke yake, naye hampokei Kristo nusu. Mwoneni paroko miezi kadhaa kabla ya Komunyo ya kwanza, ili iandaliwe kalisi ya pembeni ambayo haikutiwa kipande cha hostia, na mtoto apokee kabla ya wengine kuigusa.