SOMO KWA WATUMISHI NA WANANCHI: KIAMBATISHO KIKAGULIWE KABLA YA KUFUNGULIWA

Watumishi wa Serikali na wananchi wote wanakumbushwa kuwa kiambatisho cha barua pepe ni mzigo kama mizigo mingine iletwayo ofisini. Barua ya karatasi haifiki mezani kwa mkuu wa idara kabla ya kupokelewa masjala, kuandikwa katika daftari na kutiwa katika jalada lake. Barua pepe huipita njia hiyo yote kwa sekunde chache, na mtumishi aliye mbele ya kompyuta hubaki peke yake kuwa tarishi, karani wa masjala na mlinzi wa mlango.

Uzito wa jambo hili unaonekana vizuri katika wilaya za Hanang na Mbulu, mkoani Manyara, Tanzania Bara. Tarehe 3 Desemba 2023, tope na mawe kutoka Mlima Hanang viliporomokea mji wa Katesh na vijiji vya jirani, na watu zaidi ya 80 walipoteza maisha. Katika siku kama hizo ofisi ya wilaya hupokea orodha za kaya, picha za uharibifu na ahadi za misaada, nyingine zikitoka kwa watu ambao haijapata kuwasiliana nao. Katika Mbulu nako, hati ambayo zamani ilingoja basi la kwenda Babati sasa hufika mara moja. Faida hiyo ni kubwa. Lakini ichukuliwe, kwa mfano wa kufundishia tu, kwamba moja ya faili hizo ina virusi: orodha ya waliopoteza makazi yaweza kufutwa, au kufungwa na mhalifu anayedai fedha ili aifungue, na familia zikalazimika kuandikishwa upya ilhali hazina pa kulala.

Kosa linalorudiwa mara nyingi ni kuliamini jina la mtumaji. Mwezi Machi 1999 virusi vilivyoitwa Melissa vilienea vikiwa ndani ya hati ya kawaida ya Word. Aliyeifungua hati hiyo alisababisha kompyuta yake kuituma kwa watu 50 wa mwanzo katika orodha yake ya anwani, nao wakaipokea kama barua ya mtu wanayemfahamu. Tarehe 4 Mei 2000, virusi vya ILOVEYOU vilivyoanzia Ufilipino vilikuja kwa sura ya barua ya mapenzi, vikaharibu picha na faili nyingine. Hata Bunge la Uingereza lilizima barua pepe zake kwa muda. Kwa hiyo jina la rafiki au la mkuu wa kazi si ushahidi wa usalama.

Hatari hiyo haiko mbali. Mwezi Mei 2023 shirika la habari la Reuters liliripoti kwamba wadukuzi waliohusishwa na China waliingia katika mitandao ya Serikali ya Kenya, na kwamba mwishoni mwa 2019 mlango ulikuwa hati yenye virusi iliyopakuliwa na mtumishi mmoja bila kujua. China ilikanusha tuhuma hizo. Funzo kwa kila ofisi ni kwamba faili moja yatosha.

Kwa sababu hiyo inatakiwa yafuatayo yazingatiwe:

(a) Anwani ya mtumaji isomwe yote, si jina pekee. Anwani za Serikali ya Tanzania huishia na .go.tz. Hata hivyo, anwani halali nayo yaweza kuibwa.

(b) Kiambatisho kisichotarajiwa kiulizwe kwa simu kabla ya kufunguliwa. Namba itumike ile iliyomo katika kumbukumbu za ofisi, kamwe si ile iliyoandikwa katika barua inayotiliwa shaka.

(c) Faili ihifadhiwe kwanza, kisha ikaguliwe kwa programu ya kuzuia virusi iliyohuishwa. Ifahamike kuwa programu hiyo yaweza kukosa kuvitambua virusi vipya, wala kwa kawaida haioni ndani ya faili iliyofungwa kwa neno la siri.

(d) Mwisho wa jina la faili uangaliwe. Zile zinazoishia na .exe, .scr, .js au .vbs zisifunguliwe. Kompyuta nyingi huficha herufi hizo, basi afisa wa TEHAMA aombwe kuziweka wazi.

(e) Hati inayoomba ruhusa ya kuendesha makro, yaani maagizo yaliyofichwa ndani yake, isipewe ruhusa hiyo. Tangu 2022 kampuni ya Microsoft ilianza kuyazuia makro yatokayo kwenye intaneti, lakini programu za zamani hazina kinga hiyo.

(f) Nyaraka za siri zisipelekwe katika tovuti za umma za kukagulia faili, kwani huko zaweza kuonekana na wengine.

(g) Nakala ya akiba ya nyaraka muhimu iwekwe katika diski isiyobaki imeunganishwa na kompyuta.

Iwapo kiambatisho kibaya kimekwisha kufunguliwa, waya wa mtandao uchomolewe au Wi-Fi izimwe papo hapo, na afisa wa TEHAMA aarifiwe bila kuchelewa. Maneno ya siri yabadilishwe kwa kutumia kompyuta nyingine. Wakuu wa idara nao wanashauriwa wasimkaripie anayetoa taarifa mapema, kwani mtumishi mwenye hofu huficha, na virusi vinavyofichwa huenea hadi ofisi ya pili na ya tatu.

Ikumbukwe pia kuwa Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, inamtaka anayekusanya taarifa za watu kuzilinda. Majina yaliyomo katika orodha za ofisi ni ya wananchi waliozitoa taarifa zao kwa kuiamini Serikali. Dakika tano za kupiga simu na kuuliza si ucheleweshaji wa kazi bali ni sehemu ya kazi yenyewe. Kinga ni bora kuliko tiba.