Taiti ya Mazoezi na Afya ya Ngozi: Kuchagua Vazi Linalofaa Joto la Dar es Salaam

Mwanamke mwenye kisukari au shinikizo la juu la damu anapoelekezwa kliniki kwamba atembee kwa kasi nusu saa kwa siku, aghalabu haelezwi avae nini. Maelekezo yenyewe ni sahihi. Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa mwaka 2020, linamtaka mtu mzima afanye walau dakika 150 za mazoezi ya wastani kwa wiki. Lakini dakika hizo hupitia ndani ya nguo, na katika Kinondoni na Temeke nguo hiyo siku hizi ni taiti. Mwisho wa juma alfajiri, vikundi vya jogingi huonekana kandokando ya barabara ya Kilwa, kwenye viwanja vya Mwembeyanga, ufukwe wa Coco na Daraja la Tanzanite. Wapo wanawake wanaojiunga na vikundi hivyo kwa moyo wote, kisha wakaacha baada ya wiki chache. Sababu si uvivu. Mapaja yanawaka, kinena kinawasha, na jambo lenyewe halisemeki mbele za watu. Daktari akiuliza mbona sukari haishuki, mgonjwa hujibu kwamba amekosa muda.

Ngozi ya kinena na ya ndani ya mapaja ni laini, hukunjana, na hupata hewa kidogo. Kati ya Novemba na Machi joto la mchana jijini hupita nyuzi 30 za Selsiasi, na hewa ya pwani imejaa unyevu kiasi kwamba jasho halikauki upesi. Ngozi iliyoloa hulainika, ikisuguana huchubuka, na pale ilipochubuka fangasi na bakteria hupata njia. Kwa mwenye kisukari kisichodhibitiwa hali huwa mbaya zaidi, kwa kuwa kinga yake hupungua na vidonda huchelewa kupona.

Ushauri unaotolewa mara nyingi ni “vaa pamba tu”. Kwa chupi na kwa nguo ya kushinda nayo, ushauri huo unafaa. Kwa mazoezi una kasoro: pamba hunyonya jasho na kulishika, hivyo baada ya nusu saa ya kukimbia taiti ya pamba tupu huwa nzito, imeloa, na inasugua. Nyuzi za poliesta na nailoni karibu hazinyonyi maji; zikifumwa nyembamba na zenye vitundu, husambaza jasho juu ya kitambaa ili likauke. Zikifumwa nene na kushonana kama turubai, hufungia joto ndani, na hapo hata pamba ni afadhali. Kinachoipa taiti mvuto ni spandeksi, uzi uliobuniwa Marekani mwaka 1958 na mkemia Joseph Shivers wa kampuni ya DuPont. Kiasi kidogo chake kinatosha. Sokoni, ambako lebo mara nyingi imekatwa, mnunuzi aweke kitambaa mdomoni na kupuliza: pumzi ikipita upande wa pili, jasho nalo litapata pa kutokea. Kwa mama anayetembea tu mtaani kwa dakika 30 na kurudi nyumbani kuoga, taiti ya pamba iliyochanganywa na spandeksi kidogo haina ubaya.

Baada ya kitambaa, aangalie mshono. Taiti bora ina kipande cha ziada kilichoshonewa pale miguu inapokutana, ili mishono minne isigongane katikati ya kinena. Mishono iwe bapa. Ikipapaswa kwa kidole kwa upande wa ndani isihisike kama kamba. Kisha ivaliwe. Vidole viwili vipite kiunoni bila kulazimishwa. Mvaaji achuchumae, ainame, anyanyue goti: kitambaa kikionyesha ngozi au kiuno kikishuka, saizi ni ndogo au kitambaa kimechoka. Akiivua baada ya robo saa na kukuta alama zenye kina kiunoni au chini ya goti, aiache.

Suala la kupendeza lisidharauliwe na mhudumu wa afya. Mama mwenye mwili mkubwa anayeona haya kutoka nje hatatoka, na dawa ya mazoezi haimezwi kitandani. Mkanda mpana wa kiunoni, unaopanda hadi juu ya kitovu, husambaza mkazo na kushika tumbo bila kulikata. Rangi iliyokolea isiyong’aa huficha jasho. Anayetaka stara zaidi avae juu yake fulana ndefu na pana, au gauni jepesi lenye mipasuo pembeni. Wanawake wengi wa Temeke hufanya hivyo na hukimbia vizuri. Kosa lililozoeleka ni kununua saizi ndogo kwa imani kwamba itapunguza tumbo. Taiti haichomi mafuta. Tumbo likibanwa husogea tu. Zaidi ya hayo, mkanda unaobana sana unaweza kukandamiza mshipa wa fahamu unaopita karibu na mfupa wa nyonga, mvaaji akahisi ganzi au moto upande wa nje wa paja. Wanene, wajawazito na wenye kisukari ndio walio karibu zaidi na tatizo hilo, na mara nyingi hudhani kwamba ni mgongo. Mwenye matende naye asivae taiti inayokunjamana na kukaza sehemu moja ya mguu. Soksi za kitabibu za kubana hupimwa na mtaalamu, na taiti ya dukani haichukui nafasi yake.

Taiti nyingi zinazovaliwa Tandika na Manzese ni za mitumba, na si aibu. Shirika la Viwango Tanzania limepiga marufuku nguo za ndani za mitumba; taiti iko mpakani, kwa kuwa huitwa nguo ya nje lakini hugusa sehemu zilezile. Wanunuzi wengi huhofia upele, ilhali wadudu wa upele hufa siku chache tu baada ya kutengana na mwili wa binadamu, na robota husafiri kwa majuma mengi. Fangasi ndio wa kuangaliwa, maana mbegu zao huweza kudumu kwenye kitambaa kwa miezi. Taiti ya mtumba ifuliwe kwa sabuni na kuanikwa juani kabla ya kuvaliwa mara ya kwanza, na kamwe isijaribiwe sokoni bila nguo ndani. Ivutwe kwa mikono miwili na kuachiwa: isiporudi, spandeksi imekufa, na nguo hiyo itatengeneza mikunjo itakayosugua.

Kwa mhudumu wa zahanati, maswali mawili hufungua mengi: “Mama, ukifanya mazoezi unavaa nini? Na ukimaliza, unakaa nayo muda gani?” Anayetoka Coco akiwa ameloa, akapanda daladala mbili hadi Mbagala, ameshinda na unyevu kwa saa nzima au zaidi. Upele unaowaka kuliko kuwasha, uliotokea jioni ileile mahali mapaja yanapokutana, ni mchubuko. Mafuta ya mgando kabla ya mazoezi na kubadili nguo mapema vinatosha. Unaowasha, unaotambaa taratibu kutoka kwenye mkunjo wa kinena, wenye ukingo ulioinuka na magamba huku katikati kukiwa kunapoa, ni choa. Vidole vya miguu vikaguliwe pia. Ulioloa, wenye vidoa vidogo vilivyotawanyika pembeni, huelekea kuwa kandida, na hapo sukari ipimwe. Vijipu vidogo kwenye vinyweleo hutokea zaidi kwa walionyoa siku hiyohiyo. Upele wa ndani ya mapaja na nyuma ya magoti, ulioruka sehemu iliyofunikwa na chupi, humwelekeza mpimaji kwenye mzio wa rangi ya kitambaa, hasa buluu iliyokolea na nyeusi. Mhudumu asisubiri kuona wekundu: kwenye ngozi nyeusi uvimbe huonekana kama kahawia iliyokolea, zambarau au kijivu.

Kuna weusi mwingine unaochanganya. Ngozi ya kinena, kwapa na shingo inapokuwa nyeusi, nene na laini kama mahameli, bila kuwasha, si uchafu wala fangasi. Aghalabu ni dalili kwamba insulini haifanyi kazi ipasavyo mwilini. Wanawake huisugua kwa dodoki na krimu za kung’arisha mpaka ikachubuka, wakati kilichotakiwa ni kipimo cha sukari.

Hatari kubwa kuliko taiti yenyewe ni kinachofuata baada ya muwasho. Kwa kuwa sehemu ni ya siri, mgonjwa huagiza dawa kupitia shoga yake, na duka la dawa humpa krimu ya mchanganyiko yenye steroidi kali. Muwasho hutulia kwa siku mbili tatu. Fangasi huendelea kuenea chini kwa chini, ukingo wake hufifia hata daktari asiutambue, na ngozi ya paja hukonda na kuchanika kwa michirizi isiyofutika. Choa cha kawaida hutibiwa kwa krimu ya klotrimazoli peke yake, mara mbili kwa siku, kwa majuma mawili hadi manne, bila kuacha mara tu muwasho unapoisha. Isipopona, au majipu ya kinena yakijirudia, apewe rufaa kwenda kliniki ya ngozi.

Ufuaji nao una shida yake. Katika nyumba za kupanga zenye ua mmoja, nguo za mwilini huanikwa chumbani au chini ya kanga, kwa heshima ya majirani. Matokeo ni kwamba taiti haikauki sawasawa. Nguo yenye unyevunyevu iliyoachwa kivulini au kwenye majani huvutia pia nzi anayetaga mayai kitambaani. Buu lake huingia ngozini na kufanya kitu kama jipu chenye tundu dogo. Nguo nyingine huokolewa na pasi ya moto, lakini moto huo huua spandeksi. Basi taiti ifuliwe siku hiyohiyo kwa maji ya kawaida, bila kimiminika cha kulainisha nguo, kwa kuwa huacha utando unaozuia jasho kupita. Igeuzwe nje-ndani na kuanikwa kwenye kamba, penye jua kamili. Ikining’inia hivyo haitofautiani na suruali yoyote, na jirani hana cha kutazama. Anayefanya mazoezi kila siku awe nazo mbili au tatu za kupokezana, na mfukoni mwa mazoezi awe na kanga ya kujifunga na chupi kavu ya kubadili kabla ya kupanda gari. Taiti iliyolegea mapajani itolewe kwenye mazoezi. Ya kudekia nyumba bado inafaa.