Dondoo muhimu: Kompyuta mpya ya mbizi isiyo na waya

Usiifungue geji yako ya zamani ya presha kwa sababu tu umenunua kompyuta isiyo na waya. Zama na vyote viwili kwanza.

Mawimbi ya redio hufifia upesi katika maji ya chumvi, kwa hiyo funga transmita (kifaa kinachoitumia kompyuta presha ya mtungi) upande wa mkono utakaovaa kompyuta, kwenye tundu la presha kubwa la regulata. Unganisha vifaa nchi kavu, mtungi ukiwa umefunguliwa, kando na wenzako, usije ukasoma hewa ya mtu mwingine. Kisha linganisha tarakimu na mshale wa geji: tofauti ya baa chache si neno, ikizidi, tafuta geji ya tatu. Wapo watakaosema hosi ya ziada ni kero. Ni kweli, lakini ishara ikikatika katikati ya mkondo wa kisiwa cha Mnemba, mshale hauhitaji betri. Na betri yenyewe ibadilishe kabla ya kupanda boti. Usishike transmita kama mpini unapoinua mtungi (wengi huivunja hivyo), wala usibadili kompyuta katikati ya siku: mpya haijui nitrojeni iliyokwisha kuingia mwilini mwako asubuhi.