Kidonge cha Presha katika Msimu wa Karafuu

Msimu wa karafuu unapowadia Pemba, akili ya mkulima hubeba mengi kwa pamoja: malipo ya wachumaji, makonyo ya kuchambua, majamvi ya kuanua mvua inapotishia. Katika msongamano huo kidonge cha presha husahaulika upesi, kwa kuwa shinikizo la damu mara nyingi halina dalili. Likiachwa bila tiba, huweza kuleta kiharusi.

Mwaka 2011, watafiti Masicampo na Baumeister walionesha kuwa jambo lisilokamilika hupunguza kuisumbua akili pindi linapopangiwa namna ya kutekelezwa. Hivyo, kabla ya kulala, mgonjwa aorodheshe kazi za kesho na kuipa kila moja wakati wake.

Lengo la dawa nalo lisiwe “nitajitahidi”, bali lifungamane na tendo la kila siku: “Nikishaswali Alfajiri, nitameza kidonge kabla ya kwenda shamba.” Muuguzi amsaidie mgonjwa kuitunga kauli hiyo kliniki, kwa saa aliyoelekeza daktari. Anayehamia kambi ya uchumaji achukue dawa za kumtosha hadi tarehe ya kurudi kliniki.